Baka la Shavu la Kushoto

Uligeuza uso. Usinikatalie, nilikuwapo. Ulisimama nje ya ukumbi wa mtihani pamoja na wazazi wenzako, mtoto wako kashaingia, na mtoto wa mdogo wangu amewekwa kando ya mlango kama ndoo inayovuja. Ukaitazama saa yako. Ukainama kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimeshafungwa. Miaka kumi na mmoja nimeibeba asubuhi ile peke yangu. Leo utakaa unisikilize.

Msimamizi alikuwa ameshika kadi ya mtihani, anaisogeza karibu na shavu la binti huyo, anaiondoa, anaisogeza tena.

“Huyu wa kwenye picha hana baka. Wewe unalo. Umetumwa na nani?”

“Ni mimi, mwalimu.”

“Haya, lifute basi, tuone.”

Kuna mtu alicheka. Simtaji. Anajijua.

Picha ile niliitengeneza mimi.

Nilikuwa karani wa shule. Kompyuta hakunifundisha mtu. Nilijifunza kwa kubonyeza na kuharibu, kubonyeza na kutengeneza, hadi walimu wenye shahada zao wakawa wananiita Fundi mlango ukiwa wazi, na “yule mama wa chai” mlango ukifungwa. Mwaka ule programu zetu za zamani ziligoma, na mwenyekiti wa bodi akaja na habari njema: zana za ofisi na za kutengenezea picha, zote mtandaoni, bure kwa shule, jaribuni siku tisini. Niliuliza siku ya tisini na moja itakuwaje.

“Fundi,” akanijibu mbele ya watu, “wewe ukialikwa harusini unauliza kesho utakula wapi?”

Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Tulijaribu kwanza kwa picha ya mwalimu mkuu. Kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha buluu, kimeandikwa Boresha. Nilibonyeza. Makunyanzi yakaondoka, mifuko ya chini ya macho ikakauka, ngozi ikang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

“Mkuu, umerudi kidato cha pili!” mwalimu wa hesabu akapiga meza. “Na shati umelichomoa. Piga magoti!”

Tulivunjika mbavu. Mwalimu mkuu mwenyewe alifuta machozi, akaniomba nimchapie nakala ampelekee mkewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba mtu yule kwenye skrini hatumjui.

Wiki ya usajili nilipakia picha za watahiniwa, sitini na wawili. Kitufe kilikuwa na ndugu yake: Boresha zote. Nilibonyeza, nikaenda kuchemsha maji.

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa na baka, rangi ya zambarau iliyoiva, kutoka chini ya jicho la kushoto hadi kwenye taya. Shuleni walimwita Ramani. Aliitika, akacheka nao, lakini nyumbani hakuna siku alikaa bila kulielekeza shavu lile ukutani. Mchana ule aliniletea madaftari ya mahudhurio, nikamwita aje ajione kwenye skrini, bila lile baka.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini.

“Ndivyo ningekuwa?” akauliza.

“Nitalirudisha, mwanangu. Ni kubonyeza tu.”

“Mama mkubwa, liache.” Alishika mkono wangu uliokuwa kwenye kipanya. “Kwa kadi tu. Nani anaangalia kadi?”

Nikaliacha. Nimesikia wengi wakinitetea: eti karani hakujua, eti mashine ilimzidi akili. Mashine haikunizidi. Niliona, nikajua, nikaliacha, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilimwona yule mtoto akijitazama bila kupindisha shingo. Nikazituma zote sitini na mbili. Maonyo ya mwisho wa majaribio yalipoanza kuja, niliyapeleka kwa mwenyekiti. Akasema wataongeza siku, shule ni shule.

Sasa turudi pale mlangoni ulipokuwa ukihangaika na kamba zako. Mlango ungefungwa nusu saa baada ya mtihani kuanza. Shule ilikuwa mtaa wa tatu. Nilikimbia na umri wangu ule, kiatu kimoja mkononi. Picha ya asili ilikuwa kwenye zile zana. Nilihitaji kuichapa tu, niirudishe, niiweke mbele ya msimamizi. Nikafungua. Ukurasa ukaja mweupe, safi, wenye adabu: kipindi chenu cha majaribio kimekwisha, mafaili yenu yamefungwa, tafadhali wasiliana na msimamizi wa akaunti.

Msimamizi wa akaunti alikuwa mimi.

Nikachomoa kadi ya kamera ya shule kutoka kwenye droo. Ilikuwa na picha mia mbili za mashindano ya kuvuta kamba. Tulikuwa na kamera moja, na kabla ya michezo mtu alikuwa ameifuta ipate nafasi. Basi nikaandika barua kwa mkono, nikagonga muhuri, nikakimbia tena.

Msimamizi aliisoma mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya.

“Mama, naona unasema kweli. Lakini nikimpitisha huyu, kesho kazi sina. Barua yeyote anaandika. Picha ndiyo shahidi wangu.”

Hapo mdogo wangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mwanawe, alitoa kitambaa cha mkononi, akakilowesha kwa mate, akamshika mwanawe kidevu. Akaanza kulisugua shavu. Alisugua mbele yetu sote, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, ili waone halitoki. Binti alisimama wima, mikono imenyooka, kama mtoto anayeoshwa kwenda kanisani au msikitini. Alisugua mpaka shavu likavimba.

“Mnaona?” mdogo wangu akasema. “Ni lake. Nililizaa mimi.”

Mlango ukafungwa.

Bodi ilikaa kikao. Mwenyekiti akasema zana zilikuwa za bure, sasa tumlalamikie nani? Nikaandika kwa wenye zana. Jibu lilifika kabla sijainua kidole, linanishukuru kwa maoni yangu. Tangu hapo kila mkutano wa wazazi nasimama, na kila nikisimama nasikia viti vikilia. Mama Malalamiko huyo. Niiteni hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata tulimsajili upya. Siku ya kupigwa picha alifika, amechana nywele vizuri, akaiona ile stuli mbele ya shuka jeupe, akageuka akatoka. Hatukumrudisha. Mwaka mwingine hakuja kabisa. Sasa anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, anakunja mashuka. Ananiamkia vizuri kila tukikutana, ananiuliza habari za miguu yangu. Hajawahi kunilaumu. Mara moja tu, tukiwa tumeshika shuka yeye upande huu mimi upande ule, alisema, “Mama mkubwa, nilikuwa mzuri miezi miwili.” Tukalikunja, tukachukua lingine.

Wewe una mtoto mwingine yuko mwaka wa mwisho, najua. Najua pia shule yake imeletewa zana za bure mwezi uliopita, na usajili unafungwa Ijumaa. Nenda leo, ofisi bado iko wazi. Mwambie karani afungue picha moja moja, na kila mtoto asimame mbele yake, si wako peke yake. Ukikuta kovu limefutwa au ngozi imeng'arishwa, kataa kusaini. Dai picha za asili, zichapwe kwenye karatasi, zifungiwe kabatini. Karani akikuambia nani anaangalia kadi, mtajie mtoto wa mdogo wangu, kisha usiondoke kwenye kiti mpaka picha ya mwisho ifunguliwe. Haya, inuka.