Matandiko ya Bi Maranda

Kila Jumatatu, kabla farasi hawajarudi kutoka uwanjani, Bi Maranda hupiga magoti mbele ya magunia mapya ya maranda, yale mabaki mepesi yanayotoka mbao inapopigwa randa. Huchota kiganja kimoja na kukirusha kwenye mwanga wa dirishani. Vumbi likining'inia hewani, gunia hilo halimfai, maana farasi atakohoa wiki nzima. Kiganja cha pili hukibana. Kikimwachia unyevunyevu mkononi, gunia hurudi lilikotoka. Cha tatu hukinusa, kwa sababu ipo miti ambayo maranda yake huwachoma farasi kwato, na yeye huitambua hata akiwa na mafua. Mwisho humwaga gunia sakafuni, hutandaza kina cha shibiri moja na nusu, hurundika zaidi kando ya kuta ili farasi akijiviringisha asikwame, halafu hujilaza juu yake mwenyewe. Asipoihisi saruji nyongani, farasi naye hataihisi.

Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa, na katika vyumba kumi na viwili vya banda hakuna farasi mwenye kidonda cha goti. Mwenye nyonga mbovu ni yeye peke yake. Chumba chake, nyuma ya banda, kina sakafu ya saruji na mkeka, na kitu pekee alichokitamani ulimwenguni ni godoro.

Shida ni kwamba godoro halikuwamo kwenye fomu. Fomu ya mahitaji ilichapishwa zamani na ina mistari minane, na uliokaribia kidogo ni wa saba: matandiko. Bi Maranda akatia alama hapo, idadi moja, akaletewa tandiko la ngozi la kumpandia farasi. Mwaka uliofuata akaletewa la pili. La tatu lilifika Jumatatu moja, lina vifungo vya shaba.

"Shemeji, hili nimfunge nani?" alimuuliza mtunza stoo, ambaye alimwoa mdogo wake na tangu siku ya posa hajaacha kumtania.

"Jifunge mwenyewe. Mgongo si unao?"

"Mimi niliomba cha kulalia."

"Uliomba matandiko, umepewa matandiko. Hapa neno hilo ni la farasi. Na ukinirudia tena na karatasi hiyo, nitakutandika."

"Ndipo tunapopishana, shemeji. Mimi nataka kutandikiwa, wewe unataka kunitandika."

Mtunza stoo alicheka hadi akaangusha kalamu. Kisha akaiokota na kugonga muhuri.

Mchana wa siku hiyo Ajuza, farasi jike mwenye mvi, aliingia chumbani mwake akamkuta Bi Maranda amejilaza kwenye maranda mapya akiyajaribu, mkono mmoja juu ya nyonga. Akamtazama kidogo. Akakunja miguu ili alale, na hakufika chini. Alibaki hewani, usawa wa goti la mtu, akafumba macho na kuanza kukoroma.

Bi Maranda aliangalia tumbo lililokuwa juu yake, akaona kupe mmoja, akamng'oa. Pale chini palikuwa na joto na harufu ya msonobari. Alilala saa nzima, na alipoamka nyonga ilikuwa imenyamaza kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka juzi. Aliona raha mpaka akaona haya.

Kufikia Ijumaa farasi wote kumi na wawili walikuwa wakilala hewani kila mchana, na wafanyakazi wakagawana nafasi. Mpishi alimchukua wa chumba cha tatu, ambaye hakoromi. Mtunza stoo alipangiwa yule mnene, akawa analala ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Lalamiko lilikuwa moja tu, kwamba mikia inatekenya. Jioni kengele ya chakula cha farasi ilipolia, kila mtu alitoka na kurudi kwenye saruji yake, kwa sababu baada ya kengele hiyo mfanyakazi haruhusiwi kubaki bandani.

Siku ya kumi akaja mkaguzi wa mabanda, mwenye viatu safi na rula. Alipima kutoka tumbo la Ajuza hadi kwenye maranda, akaandika: sentimita hamsini.

"Matandiko hayajabonyea hata kidogo," alisema. "Hongera sana, mama. Na wewe unafanya nini huko chini?"

"Nayajaribu, bwana."

"Endelea, endelea."

Lakini Bi Maranda alijivuta akatoka, akajikung'uta. "Bwana, naomba uje uone tunapolala sisi. Kisha utuongezee neno moja tu kwenye fomu. Godoro."

Mkaguzi alikuwa mtu msikivu. Alikwenda, akainama mlangoni, akaona saruji, mkeka, na matandiko matatu ya ngozi yamepangwa ukutani yanang'aa, maana Bi Maranda hana moyo wa kuiacha ngozi ikauke. Aliyahesabu mara mbili.

"Chumba kimoja, matandiko matatu!" alisema kwa furaha ya kweli, akaandika kwamba wafanyakazi wana matandiko ya kutosha na ya ziada. Nyuma yake mtunza stoo aliangalia chini, na safari hii hakuwa na utani.

Mwezi uliofuata banda lilipata tuzo ya matandiko bora. Ilikuja ndani ya sanduku kubwa lenye utepe, na wote wakakusanyika ili Bi Maranda alifungue. Lilikuwa tandiko. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

"La nne hilo, shemeji," alisema mtunza stoo kwa upole. "Sasa nikutafutie hatamu."

"Nitafutie na majani kabisa, nile."

Mchana alilibeba hadi kwa Ajuza, akajilaza na kuliweka chini ya kichwa chake. Ajuza, alipoona nafasi imepungua, alipanda hewani upana wa vidole vitatu zaidi. Walilala vizuri wote wawili. Kengele ilipolia, Bi Maranda alilichukua tandiko lake, akapitia stoo, akaomba fomu mpya, akaona godoro bado halimo, akatia alama kwenye mstari wa saba. Idadi: moja.