Jicho la Mama kwenye Darubini

Baba yangu ni fundi miwani. Ukikutana naye sokoni anaiangalia kwanza miwani yako, uso baadaye. Lakini macho ya mama hakuwahi kuyapima. Mganga hajigangi, na mama naye alikuwa mbishi: miwani ni ya wazee, alisema, hata alipopita sitini.

Darubini ya mkono, ile ya macho mawili, ilikuwa ya mama. Alipougua, akawa wa kulala karibu na dirisha, aliitumia kuchungulia kamba za nguo za majirani na kutusimulia nani kanunua shuka mpya. Jicho lake la kulia lilikuwa bovu, kwa hiyo alikizungusha kile kipete cha kurekebishia lenzi ya kulia mpaka akaona sawasawa. Alipofariki, baba aliifungia kabatini na kukataza mtu yeyote kukigusa kipete.

Wiki hii redio ikatangaza kwamba nyota yenye mkia itaonekana jua likishazama, na haitarudi tukiwa hai. Mama alisikia habari zake mwaka jana, akawa anaingoja. "Mimi na wewe, mzee, juu ya paa," alikuwa akimwambia baba. Badala yake baba aliitoa darubini kabatini, tukapanda mimi na yeye.

Alitazama kwa muda.

"Naona ukungu tu."

"Zungusha kipete, baba."

"Hapana. Hapo ndipo jicho la mama yako lilipo."

Mimi subira sikujaliwa. "Mama alitaka uone nyota, baba, si ukungu! Hiyo inazama!"

Kidole chake kikasogea kidogo tu, na uso ukamkunjuka.

"Loo! Ina mkia kweli. Mama watoto, ina mkia kweli!"

Machozi yalinitoka. Niliumia kwa sababu aliyeitwa hakuwepo kuitika.

Baba akaishusha darubini, akaanza kukirudisha kipete. Kulia kidogo, kushoto kidogo. Alama zake zilifutika zamani. Akajaribu tena, wala hakuitazama tena nyota iliyokuwa ikiishia nyuma ya majengo.

"Kilikuwa hapa," akasema. "Au hapa? Mwanangu, unakumbuka?"

Nilikuwa sijui lolote.

"Hapo hapo, baba."

Akanitazama, akajua kuwa namdanganya.

"Asante, mwanangu," akasema, akaacha kuzungusha.