Mstari wa Kijani

Msinione nina roho mbaya. Au nioneni tu, sijali.

Kabla wifi yangu hajaja, karakana nzima ya ushonaji ya mama ilikuwa kichwani mwangu. Nani anataka suruali Alhamisi, nani kiuno kimeongezeka lakini hataki kuambiwa, yote nilikuwa nayo. Mama akiuliza, namjibu bila kuinua uso kwenye cherehani. "Binti yangu hasahau kitu," alikuwa akiwatambia wateja. Na alikwisha sema miguu imemchoka, karibuni atamkabidhi mtu karakana. Mtu gani tena, kama si mimi?

Basi kaka yangu akaoa, na mkewe akaja na kompyuta kwapani. Akaingiza oda zote kwenye jedwali, akaliwekea masharti: siku zikibaki chini ya tatu, mstari mzima wa mteja uwe mwekundu, zikizidi hapo, kijani. Mama akapiga makofi. "Jamani, hata mimi nisiyejua kompyuta naona!" Tangu hapo mafundi wakawa wanaulizana, "Nyekundu ziko ngapi leo?" Mimi hakuna aliyeniuliza. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajisemea, huku roho inaniuma kweli kweli. Na adabu pia anayo, ndiyo iliyonimaliza. Sikupata hata pa kumshikia.

Jumatatu akaja muuguzi, msichana anayeanza kazi, anataka sare. Wifi alikuwa anampima mtu. "Wifi, niandikie huyo dada," akaniomba. Kwenye nafasi ya siku zilizobaki nikaandika kama nilivyomsikia mwenyewe akisema: kesho. Mstari ukawa kijani.

Nikautazama. Kijani kibichi, cha kupendeza! Ningefungua mdomo, yangeisha palepale. Nikasema moyoni, haya, mwacheni bingwa wa rangi afanye kazi yake. Kitambaa cha muuguzi kikalala chini ya furushi, mimi nikashona kola za wengine huku naimba.

Kesho yake alasiri muuguzi akarudi. Sare hata haijakatwa. Machozi yakamlenga. "Asubuhi naripoti kazini, nitavaa nini?" Mama aliona aibu mpaka akakaa chini. Nikasubiri wifi aumbuke.

Wifi akainamia skrini. "Kosa langu, mama. Masharti niliyoweka yanaelewa namba tu. Neno yanalipitisha kama siku bado nyingi. Sikumwambia wifi." Akavuta kitambaa, akashika mkasi. "Dada, kaa hapo. Utaondoka nayo leo."

Lakini mama hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi. "Si wewe uliyempokea? Wewe hujawahi kusahau hata kifungo cha mtu. Huyu alikupita vipi?"

Nikainamia cherehani. Nikisema nilikumbuka, nimemwambia mama yangu kwamba nilimwacha mtoto wa watu aharibikiwe makusudi.

"Nilisahau, mama."

Uso ukamlegea kwa huruma. Huruma ile ningeweza kuitema, ningeitema. "Basi pole, mwanangu. Kichwa nacho huchoka. Usijitese tena na oda. Karakana ataishika wifi yako."

Wifi akanishika bega, anatabasamu, na mkasi bado uko mkononi. "Usijali, wifi," akasema. "Nitakufundisha."