Kioo Kilichokauka Pentekoste

Liévin Mumba alikuwa mtu wa kuringa, tuseme ukweli. Na katika Élisabethville ya mwaka ule wa 1953 alikuwa na cha kuringia. Katika maabara ya kiwanda cha bia alichofanyia kazi, yeye ndiye aliyekabidhiwa mashine mpya ya kupima uchachu. Kabla ya hapo aliosha chupa katika ukumbi wa chini, miguu majini kutwa nzima, vidole vimenyauka kwa sabuni. Sasa alivaa koti jeupe, na kambi yote ya wafanyakazi ilikuwa imeshasikia habari za koti hilo, wengine zaidi ya mara moja.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku zito lenye mshale unaotembea juu ya namba, lakini roho yake ilikuwa elektrodi: kijiti cha kioo chenye urefu wa kalamu, na mwishoni kitufe cha kioo chembamba kuliko ganda la yai. Ukikichovya kwenye bia, mshale unakuambia bia ina uchachu gani. Bwana mkubwa wa maabara, Mbelgiji aliyeitwa Monsieur Godefroid, alikuwa amemfundisha adabu zake zote. Kila asubuhi uanze na maji ya aina mbili ambayo uchachu wake unajulikana, ya saba na ya nne, ili uone kama mshale unasema kweli. Usuuze kwa maji safi, ugusishe kitambaa tu, usisugue. Na kubwa kuliko yote:

“Ile kichwa yake isikauke. Ikikauka, inakufa. Ikikufa, weye unarudia ku machupa.”

Elektrodi nyingine ilikuwa bado iko Ulaya, ikingoja meli.

Basi ikafika Pentekoste. Kiwanda kilikuwa kifungwe hadi Jumanne, na kila mara kabla ya kufunga walipita watu wa hygiène, yaani wa usafi na afya, kumwaga maji yote yaliyolala, wasije mbu wakataga humo. Kilikuwa kiangazi kikavu, mbu wenyewe wamekwenda likizo, lakini amri haikuwa imekwenda nao. Liévin akaona hatari: watamwaga hata maji ya elektrodi, nayo ibaki kavu hadi Jumanne. Monsieur Godefroid alikuwa ameshaondoka kwenda kwa rafiki zake Jadotville. Basi Liévin akaitia elektrodi katika bilauri ya maji, akaibeba nyumbani kwa mikono miwili, akitembea polepole hivi kwamba watu njiani walimuuliza kama amebeba maji ya baraka.

Akaiweka juu ya rafu, akamwambia mkewe Edith kwamba asiiguse mtu. Edith alikuwa na mtoto mchanga anayelia kifuani. Akajibu, “Mm.” Mwanamume mwenye akili angeitilia shaka ile “mm”, lakini Liévin alikuwa na haraka ya kwenda kusimulia habari za mashine mahali ambapo watu walikuwa hawajazisikia.

Sasa, nyumbani hapo alikuwepo mtu wa tatu. Mama Kalaba, mama yake Edith, alikuwa ametoka kwenye mashamba yake upande wa Karavia ili kumsaidia binti yake na mtoto. Liévin alikuwa hajawahi kusema naye neno. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapompikia kuku na kumfungulia mlango. Mama Kalaba alikuwa hajapika. Liévin akiingia mbele, yeye anatokea nyuma, kitambaa kimefunika kichwa. Usiku alilala kwa majirani, na la kusema lilipitia kwa Edith.

Jioni ile ya Jumamosi Mama Kalaba alifagia nyumba, akaona bilauri yenye maji yaliyolala. Hata yeye alizijua sheria za kambi: maji yaliyolala ni faini. Akayamwaga. Akaosha bilauri, akaosha na kale kajiti, akakalaza kwenye kikapu pamoja na vijiko, karibu na mbabula, lile jiko la makaa.

Jumapili Liévin alirudi kutoka misa ya kwanza, Edith amekwenda ya pili na mtoto. Akachungulia dirishani. Mama mkwe amekaa peke yake, kichwa wazi, elektrodi mkononi, na mapajani bakuli la majivu. Alikuwa anakitazama kile kitufe kwa kukereka, kwa kuwa kilikuwa kimefanya ukungu, na kitambaa chenye majivu kilikuwa tayari.

Afanye nini? Kuingia haiwezekani. Kumwita haiwezekani. Kisha akaugeukia ukuta.

“We ukuta! Ambia bantu beko mu nyumba: ile kintu ya kioo haiko kijiko! Basiisugue na majivu!”

Kitambaa kikasimama. Kisha sauti ikatoka ndani, nayo haikumwambia yeye.

“We sufuria! Uliza ule anapiga makelele inje: ni kintu gani basi? Miye nimeona maji imelala, nikaimwanga. Bangetulipisha!”

“Ukuta, sema: ile maji njo ilikuwa uzima yake! Iko inakauka toka wakati gani?”

“Sufuria, jibu: toka jana mangaribi.”

Liévin akakaa chini vumbini, na suruali yake ya misa. “Basi, ukuta, ambia mama nimekwisha. Mardi, kiwanda ikifunguka, narudia ku machupa.”

Habari za mashine Mama Kalaba alizipata kwa Edith, akaziona kelele za kijana anayependa kusikika. Lakini aliyekuwa nje sasa hakuwa anajisifu. Mama yule aliweka bakuli chini, akaona aibu na huruma kwa pamoja.

“Sufuria,” akasema taratibu, “uliza: dawa haiko?”

Dawa! Liévin akakumbuka kwamba Monsieur Godefroid aliwahi kuilowesha elektrodi vivu katika asidi hafifu, kisha akairudisha majini. Asidi ilikuwa imefungiwa kiwandani, lakini siki nayo ni asidi. Akakimbia kwa jirani Alphonse, mpishi wa Wazungu, ambaye alimpa chupa na kumuuliza kama leo wanakula salade. Liévin akaweka bilauri ya siki dirishani, akageuka mgongo. Akasikia kajiti kakiingia kwa upole mkubwa.

Tangu hapo, ila kwenda kulala usiku, Mama Kalaba hakuondoka pale. Jioni, kwa maagizo yaliyopitia ukutani, alibadilisha siki kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jumatatu nzima alikaa kwenye kigoda kando ya rafu, akafukuza kuku, akafukuza na Alphonse aliyekuja kudai chupa yake. Wanawake waliokuja kumwona mtoto walimkuta bibi analinda bilauri.

“Ni mugonjwa ya mukwe wangu,” akawaambia, nao hawakujua wacheke au wapige ishara ya msalaba.

Jumanne Liévin aliwahi kiwandani kuliko mlinzi. Akachovya elektrodi katika maji ya saba. Mshale ulipanda kivivu, ukasitasita, ukafika. Katika maji ya nne nako ukafika. Alitaka kuruka kwa furaha. Monsieur Godefroid alipoingia akiuliza kama mashine iko muzuri, alijibu kwamba iko muzuri sana, na jambo lingeishia hapo.

Lakini kabla ya kupima tangi kubwa la bia aliirudisha tena kwenye maji ya saba, kwa woga tu. Mshale ulikuwa umetangatanga. Akaurekebisha, baada ya muda ukatangatanga tena. Akinyamaza, tangi zima litapewa namba ya uongo. Akisema, kule chini chupa zinamngoja. Alizisikia zikigongana. Aliogopa, aliogopa kweli, kisha akaenda kusema yote: watu wa hygiène, bilauri, makaa, siki. Mama mkwe hakumtaja. “Ilikaukia mu nyumba yangu, monsieur,” alisema.

“Mu nyumba yako?” Monsieur Godefroid aliiva uso wote. Alitukana kwa lugha ya kwao, akakaa mwenyewe mbele ya mashine, akachovya hapa, akachovya pale, akarudia. Hatimaye akapumua.

“Haikufa. Iko nasinzia. Mpaka ingine ifike, muntu atapima ile maji mbili zote mbele ya kupima kila tangi, na nyuma yake tena. Nani atafanya ile kazi ya wazimu?”

“Miye, monsieur.”

“Weye, ndiyo! Hautatoka pa ile mashini, hata kula utakulia pale. Na ukiibeba tena ku nyumba, ni weye nitatia mu ile siki yako, mu vinaigre!”

Liévin alichukua kazi ile ya wazimu kama mtu aliyepewa zawadi. Jioni alirudi kambini mbio, koti jeupe mkononi.

Mama Kalaba alikuwa bombani na wanawake wengine, ndoo yake imejaa zamani na inafurika, maana macho yake yalikuwa njiani. Alipomwona aliiacha ndoo, akamkimbilia kichwa wazi.

“Liévin! Imepona?”

“Imepona, mama! Inasinzia kidogo, lakini imepona!”

Kisha bomba zima likageuka kuwatazama. Wanawake waliweka mikono vinywani. Liévin akatazama viatu vyake. Mama Kalaba akapapasa kichwani akitafuta kitambaa, na kitambaa amejifunga kiunoni. Mlangoni Edith alianza kucheka mpaka mtoto akashtuka.

“Basi, neno imekwisha kutoka,” akasema Mama Kalaba. “Edith, kamata ule jogoo. Ku uzee yangu sitasema tena na sufuria.”

Jogoo alipikwa jioni ileile. Liévin alikula akimtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza, akaona kwamba macho ya Edith, yale yaliyomfanya aoe, yalitoka pale.