Nusu ya Taiwo

Wajukuu wangu wakiiona picha ya ukutani husema, "Bibi, kaka yako alikuwa mzuri kukushinda!" Nawaacha. Sura wanayoisifu ni yangu, na sifa haikataliwi.

Taiwo, pacha wangu, alitangulia kuzaliwa, lakini kwetu mjini Ilesha mkubwa ni pacha wa pili: mimi, Kehinde, niliyemtuma akaionje dunia kwanza. Surua ilimchukua tukiwa na miaka saba, hajapigwa picha hata moja. Majirani walimwonya mama kwamba pacha aliyekufa asipotunzwa humwita mwenzake amfuate. Mama aliogopa jingine. Alikuwa anaanza kumsahau. Akimtafuta usoni mwangu, alisema, ananikuta mimi tu.

Akanipeleka studio kwa Baba Ladipo. Mzee yule aliijua kazi: hufunika nusu ya kioo kinachonasa picha ndani ya kamera, hupiga pacha mmoja, kisha hufunika nusu ya pili na kumpiga mwingine. Aliyefariki huwakilishwa na aliyebaki.

"Haya, mke wangu," alinitania, "leo nakuoa mara mbili."

Nusu yangu ilikwisha upesi. Kisha nikavishwa shati na kaptula ya Taiwo, na kicheko kikanishika. Kilikuwa cha woga, lakini kilikataa kukoma.

"Taiwo hachekacheki hivyo," mama alisema. "Nyamaza!"

Nikazidi.

"Mama Pacha, kioo ndicho hiki kimoja," Baba Ladipo alisema. "Huyu akicheka, utarudi nyumbani na Kehinde wawili."

Nilidhani nitapigwa kofi. Mama akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti aliyozoea kumpokelea mwanawe akitoka kucheza:

"Taiwo, umekula?"

Kaka yangu alikuwa mlafi, Mungu amrehemu. Hata akiwa na andazi la akara mdomoni, kwa swali hilo alikuwa na jibu lake moja. Nikakunja uso kama yeye.

"Bado."

"Ndiye!" mama akapiga kelele. "Ndiye huyo! Mpige, Baba, mpige upesi!"

Basi ndiye huyo ukutani, amenuna, na kati yetu umepita mstari mwembamba wa giza. Siku hizi studio ile inauza matairi. Nikipita huwa nageuza uso, maana naikumbuka mno ile harufu ya dawa na pazia lililochorwa ngazi zisizokwenda popote.

Mama alizeeka mikononi mwangu, akapofuka. Adhuhuri moja nilikuwa namlisha maharage, akanipapasa uso, kidevu hadi makunyanzi ya paji.

"Taiwo, umekula?"

Niliona wivu, nisiseme uongo. Miaka yote hiyo nimemwogesha na kumlisha mimi, na anayeulizwa ni yeye! Lakini vidole vyake vilikuwa bado usoni mwangu, vinangoja. Nikakunja uso.

"Bado, mama."

"Mlafi wewe," akasema, akaisukuma sahani yake kwangu.