Mikono Miwili ya Kushoto

Gauni sitini za wauguzi zilirudishwa kiwandani siku ya Jumatatu, zimefungwa mabunda sita, na juu ya bunda la kwanza pamebandikwa karatasi: "Muuguzi akivaa hawezi kuinua mkono wa kulia." Mkuu wa ukataji alitandaza gauni moja mezani, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, akaelewa. Kila gauni ilikuwa imetiwa mikono miwili ya kushoto.

Kosa lilikuwa lake. Anayekata mikono huilaza karatasi ya umbo juu ya kitambaa, akakata mkono wa kwanza, kisha huigeuza karatasi ndipo akate wa pili. Siku ile, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, alisahau kuigeuza. Hilo alilikubali, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata juu ya nafsi yake. Lililomuuma lilikuwa jingine. Vipande vile vilipita mbele ya mafundi saba, na mmoja wao, Mama Mikono, kazi yake ya miaka kumi na tisa ilikuwa kutia mikono mabegani, basi. Angeutambua mkono wa kushoto hata akiwa amefumba macho. Aliishona yote mia moja na ishirini, kimya kama maji ya mtungini.

Mwenye kiwanda hakufoka. Alimletea mkuu barua ya Mama Mikono, aliyeomba kuhamia tawi la pili la kiwanda. Kisha akamjulisha kwa mwanamke mmoja wa makamo, mkufunzi wa kuwafunza watu wa kazi moja jinsi ya kusemezana.

"Barua inataka sahihi yako kabla ya Ijumaa," alisema. "Ukikataa, habanduki. Nakuachia mwenyewe."

Mkuu aliikunja barua akaitia mfukoni. Hakutaka Mama Mikono aondoke, na sababu yake hakuwahi kumwambia mtu: ni yeye peke yake aliyemwamkia kila asubuhi. Wengine, alipoingia chumbani, maneno yaliwakatika vinywani, zikabaki cherehani kusema. Chakula cha mchana alikula kwenye meza ya kukatia, uso ukutani. Nyumbani hakukuwa na tofauti. Mkewe alikuwa amefariki mwaka wa tatu sasa. Binti yake alipiga simu kila Jumapili. Mkuu alimrekebisha hili na lile katika malezi ya wajukuu, hata binti akasema, "Haya baba, tutaongea," na simu ikakatika. Siku zote aliilaumu simu.

Jumatano mkufunzi aliwaketisha wote kwa duara, juu ya vigoda vyao vya kazi.

"Kila mmoja anitajie sentensi moja anayoisikia zaidi kutoka kwa mkuu. Moja tu."

Fundi wa vifungo, mtu wa mizaha, alijikuna kichwa. "Dada, mimi nina watoto watano wanaonitegemea. Hiyo sentensi siwezi kukuletea kesho kwa maandishi, bila jina?"

"Sema hapahapa, kaka."

"Haya, nife na wengi. 'Shona ulichopewa.'"

"Hiyohiyo," akasema wa pili.

"Na mimi."

"Mimi huongezewa," akasema fundi wa kola. "'Shona ulichopewa, na ufunge mdomo usije ukashona ulimi!'"

Wakaangua kicheko. Mkuu naye alitaka kucheka, maana ule ulikuwa utani wake mwenyewe na siku zote aliuona mzuri. Lakini macho yao yalipomfikia, kicheko kilikufa mara moja. Ndipo alipotambua kwamba kwa miaka yote ile, aliyeucheka utani huo mbele yake alikuwa yeye tu.

Zamu ikamfikia Mama Mikono. "Mimi sisemeshwi," alisema taratibu. "Huonyeshwa kwa rula."

Mkufunzi akamgeukia mkuu. "Mzee, usijitetee. Turudishie tu ulichosikia."

Mkuu akasafisha koo. "Mimi ninachodai ni nidhamu."

"Hilo ni lako. Lao ni lipi?"

Mtu aliyeweza kutaja vipimo vya gauni kumi na mbili bila kutazama daftari hakuweza kurudia maneno mawili ya watu wake.

Alhamisi, mafundi walipotoka kwenda kula, alimwendea Mama Mikono kwenye cherehani yake. Hakubeba rula. Alivuta kigoda, akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, uliiona ile mikono?"

"Tangu gauni ya tatu, mkuu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilishawahi kukuambia." Mama Mikono alikuwa akikunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa. "Si hii. Zile sare zilizokatwa kola fupi, mwaka wangu wa pili. Nilikuja mezani kwako. Ukaniuliza mbele ya watu wote kama mama yangu alinizaa na mkasi mkononi. Wakacheka. Sikurudi tena mezani kwako."

Mkuu akaitafuta siku ile katika kumbukumbu zake. Hakuiona. Alizikumbuka sare, rangi yake, hata idadi yake. Mwanamke aliyesimama mbele yake na aibu usoni hakumkumbuka kabisa. Hilo lilimchoma kuliko lawama.

"Sikumbuki," alisema. "Lakini nakuamini. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe zamani, mkuu. Ila nimechoka."

"Nikikuomba ubaki?"

"Utakuwa umenisikia kweli?"

Sahihi ilikuwa ya mkuu. Angeweza kumzuia, na kesho asubuhi angeamkiwa kama kawaida. Aliitoa barua mfukoni, akainyoosha juu ya cherehani, akatia sahihi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama Mikono alishukuru.

Ijumaa hakuna aliyemwamkia. Alitandaza kitambaa kipya, akakata mkono wa kwanza, akaigeuza karatasi, akaweka alama kwa chaki. Kisha akamwita fundi wa kola, aliyepewa sasa kazi ya kutia mikono.

"Kabla sijakata, hebu tazama. Kuna kosa?"

Fundi alitupa jicho, kisha akatazama mlango. "Sawa tu, mkuu. Iko sawa kabisa."

Lilikuwa jibu la haraka mno, na mkuu akatambua kwamba lilikuwa jibu la woga. Aliweka mkasi chini.

"Tazama tena," alisema. "Sina haraka."

Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Akasimama pale, mikono mitupu, akingoja.