Kilio cha Tuingie

Kikundi cha Tuingie kilikuwa na kanuni moja tu, na Ogwal ndiye aliyeitunga: mmoja akianza jambo, wengine wanaingia, na kuuliza ni marufuku. Aliitunga siku alipojikwaa kwenye rundo la mabati katika ua wa mafundi chuma kule Katwe, akaanguka kifudifudi, na wenzake watatu, kwa sababu wasizozijua mpaka leo, wakajiangusha kando yake. Wapita njia wakasimama. Mmoja akauliza kama hiyo ni sanaa. Ogwal, mtoto wa polisi aliyekulia kambini na asiyependa kuonekana mjinga, akajibu akiwa bado chini kwamba ndiyo.

Basi ikawa sanaa. Cleopas, Mkenya aliyeuza kava za simu Nateete, akianza kuosha miguu sokoni, wote waliosha. Nanyama, fundi cherehani wa Kawempe, akimwamkia mlingoti wa umeme, mlingoti uliamkiwa mara nne. Walialikwa huku na huko, wakalishwa sambusa, na magazeti yakaandika juu yao mambo ambayo wao wenyewe walihitaji kuelezwa.

Kilichowapandisha chati ni Kilio. Concy, mwenzao wa nne, binti wa mwanajeshi, alitakiwa kusimama mbele ya ukumbi na ndoo kichwani. Simu yake ikaita. Akaipokea, akaishusha ndoo, akaketi sakafuni na kuanza kulia. Wenzake wakaingia. Ogwal alilia mpaka shati likaloa, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Concy akatoka nje akilia, wakamfuata wakilia, mpaka kituo cha mabasi ya Gulu, ambako nauli iliwashinda. Wakampungia mkono, wakimsifu kwa kuipeleka kazi mbali kiasi hicho.

Siku zilizofuata simu yake haikupatikana. Wakaona ameizima kwa ajili ya sanaa, nao wakazima zao kumuunga mkono, mwezi mzima. Walipoziwasha, Concy hakuwa akipokea tena.

Miaka ikapita. Ogwal alimkumbuka mno, hasa lile jicho kali Concy alilokuwa akimtupia kila alipojitia mtaalamu. Bila Concy, Tuingie walikuwa watu wazima watatu wanaoigana barabarani. Kwa hiyo Marie-Louise, Mkongomani aliyekuwa akiandaa maonyesho ya historia ya kikundi, aliposema Concy amekubali kuja, Ogwal alipiga shati pasi mara mbili. Alitaka jambo moja tu, Concy arudi.

Concy alikuja. Alisimama mbele ya picha kubwa ya Kilio, ambamo wanne wao walikuwa wakilia vizuri sana.

"Rudi, Concy," Ogwal akasema. "Bila wewe, Tuingie hakuna."

Concy hakuondoa macho kwenye picha. "Ile siku walinipigia simu, wakasema baba amekufa."

Ogwal naye akageukia picha.

"Nikakaa chini nalia. Nikaona nyinyi pia munalia. Nikasema, banange, jamani, kumbe hawa ni ndugu zangu kabisa. Halafu watu wakapiga makofi, na wewe Ogwal ukasimama, ukawainamia."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Simu yangu ilizimika kule matangani. Nilipopata moto wa kuchaji, niliwapigia wote. Zote zimezimwa."

Aibu ilimshika Ogwal mwili mzima. Alitamani kuketi pale chini na kulia, maana kulia alikuweza. Lakini kulia alishalia, na picha ilikuwa ukutani. Akabaki na lile moja alilokuwa amelipiga marufuku mwenyewe.

"Baba aliugua nini?" akauliza.

Cleopas na Nanyama walikuwa wamesimama mbali na hawakusikia lililotangulia. Lakini kanuni ni kanuni. Wakasogea.

"Baba aliugua nini?" akauliza Cleopas.

"Baba aliugua nini?" akauliza Nanyama.

Wageni wakaweka sambusa chini, wakainua simu kurekodi. Concy aliwatazama wote watatu, na Ogwal akalipata lile jicho, lote. Kisha Concy akaketi sakafuni, akajisogeza kuwapa nafasi.

"Ilianza na mguu," akasema.